Daki Bluu ya Staa Ilivyoniingiza Mjini

Leo hakuna umbea wa nani kaachana na nani. Leo tunaongelea ukuta. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Mnaikumbuka ile vita ya kuta. Mwanadada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliposti sebule yake mpya imepakwa daki bluu kuanzia chini mpaka inapoanza jipsamu. Kochi la rangi ya bizari, taa ndogo ndogo zimezunguka dari lote, yeye kasimama katikati na gauni jeupe. Picha ilikuwa kali, nisiwe mnafiki. Wiki hiyohiyo mwigizaji mmoja wa kiume, naye jina tunamhifadhia, akaposti sebule yake ya bluu bahari. Kochi la kawaida, feni inazunguka, watoto wanacheza chini. Jamani, watu walimshukia kama mwewe na kifaranga! "Kaka, daktari anaingia saa ngapi?" "Hii ni kwako au shule ya msingi?" "Wodi namba tatu hiyo." Kesho yake asubuhi picha haipo, kaifuta.

Sasa nikiri mbele yenu. Hiyo ya "wodi namba tatu" niliandika mimi dada yenu. Ilipigwa laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na siku nzima nilijiona mchekeshaji.

Leo nakuja na msimamo mwingine. Kwa vyumba ambavyo wengi wetu tunaishi, bluu bahari inaiacha daki bluu mbali sana, na ile picha ya staa ilituingiza mjini mchana kweupe. Sisemi kwa kusikia. Nimezipaka zote mbili, chumba kilekile, ndani ya miezi mitatu.

Tuelewane kwanza tunaongelea rangi gani, maana bluu ziko nyingi. Bluu bahari ni ile nyepesi, kama anga la saa nne asubuhi siku isiyo na mawingu. Daki bluu ni ile nzito ya sketi na kaptula za shule, ukiisogeza kivulini unaapa ni nyeusi.

Nilivyojiingiza mwenyewe

Napanga Tabata, nyumba ina wapangaji sita. Chumba changu ni futi 10 kwa 10. Dirisha moja, lina nondo, lina wavu wa mbu, na ukitoka nje ya hilo dirisha hatua mbili unagusa ukuta wa jirani. Wengi wenu mnakijua hicho chumba hata kama hamjawahi kufika kwangu.

Nilikuwa nadunduliza hela ya simu mpya. Baada ya kuona ile sebule, simu nikaisahau. Nikaenda dukani, nikamwonyesha kijana picha kwenye skrini, nikamwambia nataka hii hii. Wakanichanganyia kwenye mashine. Fundi alipofungua kopo akaangalia rangi, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi. Akasema, "Dada, hii rangi itakimeza hiki chumba." Nikamjibu, "Fundi, wewe paka." Akasema, "Haya, hela yako."

Tulipaka mikono mitatu. Rangi na ufundi vikanitoka laki moja na ishirini. Usiku huohuo nikawasha taa yangu ya duara ya kupigia picha, nikajiposti. Watu wakasema nimeuaga umaskini. Nikalala naona raha.

Asubuhi nikaamka, nikadhani bado usiku. Nikaangalia simu, saa mbili na nusu.

Ndiyo maisha yakaanza hivyo. Saa nne asubuhi jua linawaka nje, mimi ndani nimewasha taa ili nione soksi. Kuna watu watasema umeme wa LUKU utaisha. Hapana, tuwe wakweli. Balbu ya wati 9 ukiiwasha saa 12 mfululizo kila siku, inakuchukua kama siku tisa kumaliza uniti moja. Hela siyo iliyonikera. Kilichonikera ni kuishi usiku wakati wenzangu wako mchana. Na umeme ukikatika ndiyo basi, natoka kukaa kibarazani na vyombo vyangu.

Halafu ukuta wenyewe hauna siri. Mkoba ukisugua, alama nyeupe. Vumbi la feni linaonekana. Na nyumba zetu za Dar nyingi zinapanda unyevu kutoka chini, ule unyevu unaleta chumvi nyeupe kama unga. Kwenye ukuta mweupeweupe huioni haraka. Kwenye daki bluu inaonekana kama ramani. Wiki ya tano nilikuwa nimeshasogeza kabati kuficha ramani ya kwanza, na nyingine inaanza upande wa pili.

Lakini nilinyamaza. Ningesema nini wakati nimeshajiposti?

Kwanini picha ilitudanganya

Hapa ndipo nilipoanza kutafuta, maana nilitaka kujua kwake kuna nini ambacho kwangu hakuna.

Kitu cha kwanza ni namba. Kampuni nyingi za rangi, kwenye kadi zao au tovuti zao, zinaandika namba inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Inaanza 0 mpaka 100. Sifuri ni weusi unaomeza mwanga wote, mia ni weupe unaorudisha wote. Daki bluu nyingi ziko chini ya 10. Bluu bahari nyingi ziko kati ya 50 na 70. Kwa lugha ya kwetu, mwanga wa shilingi mia ukipiga ukuta wa bluu bahari unarudishiwa shilingi sitini, unaenda kupiga ukuta wa pili, unarudishiwa tena. Daki bluu inakurudishia shilingi sita na habari imeishia hapo.

Sasa staa ana madirisha mawili makubwa ya vioo na taa dari zima. Yeye ana mwanga wa milioni, akipoteza mwingi bado anabaki na wa kutosha. Mimi na dirisha langu linaloangalia ukuta wa jirani nina mwanga wa elfu kumi. Tumepaka rangi moja ila hatukuanza na mtaji mmoja.

Kitu cha pili ni simu. Kamera ya simu ikiona sehemu yenye giza, yenyewe inaongeza mwanga ili picha ionekane. Kwa hiyo ukuta wa daki bluu kwenye picha unatoka bluu ya kuvutia kuliko ulivyo kwa macho. Jaribu leo: piga picha ukuta wowote mzito halafu linganisha na macho yako. Sisi tuliipenda bluu ya kamera. Bluu ya ukuta hatukuwahi kuiona.

Na kuna wale wataalamu wa mtandaoni watakaoleta Marrakech, kule Moroko. Eti mbona ile bustani ya Majorelle imepakwa bluu kali na dunia nzima inaenda kupiga picha? Ni kweli, ni bluu ya mchoraji Mfaransa Jacques Majorelle, na mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé ndio walioinunua ile sehemu mwaka 1980. Lakini bluu yenu ile iko nje, inapigwa na jua la Moroko kutwa nzima. Ichukue uiweke kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 Tabata uone kama kuna mtalii atakuja.

Mama alipokuja

Haya yote ningevumilia. Mimi kijana, macho mazima, nina tochi kwenye simu.

Mama yangu anaishi Muheza. Amekuwa analalamika macho muda mrefu, mwisho akaambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, aje Dar kliniki. Akafikia kwangu, atafikia wapi kwingine. Alipoingia mlangoni akasimama. Akasema, "Mwanangu, mbona umepaka nyeusi? Umefiwa?"

Nikacheka. "Mama, siyo nyeusi, ni bluu. Ndiyo fasheni."

"Bluu?" Akasogea, akagusa ukuta. "Haya. Kama unasema bluu."

Usiku wa pili akaamka kwenda msalani, choo chetu kipo nje uani. Hakutaka kuniamsha. Taa ya koridoni ilikuwa inawaka, na juu ya mlango wangu kuna tundu za kupitisha hewa, kwa hiyo mwanga kidogo unaingia. Kwenye ukuta mweupe ule mwanga ungesambaa. Kwangu uliishia palepale juu ya mlango. Akawa anapapasa ukuta anatafuta swichi, haioni. Mimi nilishtushwa na kishindo. Nilipowasha taa, mama kakaa chini, kashika mguu, damu inatoka kwenye ugoko. Kona ya kimeza changu cha kioo.

Kimeza nacho nilinunua kwa ajili ya picha, mjue hilo pia.

Hakunisema hata neno. Nilivyokuwa namwosha ile damu yeye ndiye aliyekuwa ananiomba samahani kwa kunikatisha usingizi. Wadau, afadhali angenitukana.

Kesho yake kliniki nikamuuliza nesi, kwanini mama anaona bluu kama nyeusi? Akanielekeza taratibu. Lenzi ya jicho lenye mtoto wa jicho inapata ukungu na inageuka rangi, inaelekea manjano na hata kahawia. Lenzi ya hivyo inazuia mwanga wa bluu kuliko mwanga wa rangi nyingine. Kwa hiyo bluu nzito kwake ni nyeusi kabisa, siyo utani. Na hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, umri ukienda macho yanahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko ya kijana ili aone kitu kilekile.

Ina maana chumba changu nilikipaka kwa ajili ya watu ambao hawatakaa waingie humo, halafu mtu pekee aliyeingia kulala akaumia.

Kurudi bluu bahari

Jumamosi iliyofuata nikamwita fundi yuleyule. Hakuniuliza chochote, akacheka tu chini chini. Mama mwenye nyumba alivyoona makopo akasema, "Afadhali, nilikuwa nawaza nani atakipanga baada yako."

Kupandisha kutoka bluu nzito kwenda nyepesi ni kazi, niwaambie mapema. Tulipiga msasa, tukakwangua ile chumvi, tukapaka andakoti nyeupe kwanza, ndipo bluu bahari mikono miwili. Bila andakoti ile nzito inachungulia na utapaka mpaka uchoke. Hesabu ya haraka kwa wenye chumba kama changu: kuta nne za futi 10, kwenda juu futi 9, ukitoa mlango na dirisha inabaki kama mita za mraba 30. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja. Mikono miwili unahitaji lita tano mpaka sita. Kopo la lita 4 halikutoshi, usikubali kudanganywa na muuzaji wala na roho yako.

Makosa niliyofanya mara ya kwanza sikuyarudia. Safari hii nilinunua kopo dogo kwanza, nikapaka kipande cha nusu mita karibu na dirisha na kingine kwenye kona ya mbali, nikaviangalia asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewashwa. Hapo nikajifunza kitu. Bluu bahari nayo ina ujanja wake. Ile yenye ukijani kidogo, ukiwasha balbu ya mwanga wa njano inageuka kuwa ya kijani kama maji ya bwawa. Ile iliyo kali sana kama ya pipi ndiyo inayoleta hayo mambo ya wodi. Nikachagua yenye ujivu kidogo ndani yake. Hiyo haijageuka, mchana na usiku ni ileile.

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo mlangoni anaangalia kazi. Akaanza kunisimulia kuhusu nyumba ya bibi, mama yake. Kila mwaka kabla ya sikukuu bibi alikuwa anapaka chokaa ndani, na kwenye chokaa anatia buluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashati meupe. Akitia kidogo, chokaa inakuwa nyeupe zaidi kwa sababu bluu inaua umanjano. Akizidisha, ukuta unakuwa na bluu nyepesi. Mama anasema bibi alikuwa anazidisha makusudi.

Kwa hiyo hiyo rangi tunayoiita ya wodi, ya dispensari, ya shule ya msingi, watu wamekuwa wakiipaka majumbani mwao kwa kupenda. Na hata hizo wodi na madarasa, mnafikiri wanapaka nyepesi kwa kukosa ladha? Mle ndani kuna watu wanatakiwa kuona. Nesi aone mshipa, mtoto aone ubao. Hiyo ndiyo akili iliyopo nyuma ya rangi tuliyokuwa tunaicheka.

Daki bluu nayo ipewe haki yake

Siyo kwamba naichukia. Kama una sebule kubwa, madirisha pande mbili na taa za kutosha, paka daki bluu, itakupendeza kweli. Chumba cha kuangalia filamu pia inafaa, maana haichezi na mwanga wa TV. Na kama unaipenda lakini chumba chako kama changu, paka ukuta mmoja tu, ule wenye dirisha lenyewe, halafu tatu zilizobaki ziwe nyepesi. Ukuta wenye dirisha haupigwi na mwanga wa moja kwa moja, kwa hiyo hupotezi kikubwa.

Pia msije mkadanganywa kwamba bluu bahari inapoza chumba. Rangi ya ndani haishushi joto la Dar. Feni ndiyo inasaidia. Bluu inakufanya uhisi ubaridi kwa macho tu, na kwa watu wa Njombe na Mbeya huko huenda hata hawautaki.

Ninachosema ni hiki. Kabla hujampa fundi hela, zima taa saa nne asubuhi, fungua pazia, chukua karatasi yenye maandishi. Ukiweza kuisoma ukiwa umekaa kona ya mbali na dirisha, una mwanga wa kuchezea, chagua unachotaka. Ukishindwa, hicho chumba kina njaa ya mwanga tayari, usikiongezee mdomo mwingine. Halafu jiulize nani ataingia humo ambaye macho yake siyo kama yako.

Na ombi moja kwa yule kaka mwigizaji, kama unapita huku: samahani. Ile sebule yako ilikuwa na mwanga mzuri na watoto wako walikuwa wanaonekana mpaka meno. Rudisha picha.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza wiki tatu baada ya kupaka. Kabla ya hapo alikuwa anauona ukuta mpya kama rangi ya jivu jeupe, ananiambia tu "pazuri" ili nisijisikie vibaya. Walivyomtoa bandeji, tukarudi nyumbani, nikafungua mlango. Akakaa kitandani, akaziba lile jicho ambalo bado, akaangalia ukuta. Akalifungua, akaziba la pili. Akarudia hivyo mara nne kama mtoto anayecheza.

Akasema, "Kumbe ni ile ya mama."

Haya wadau, uwanja wenu. Ukuta wako ni bluu gani, na dirisha lako linaangalia wapi? Andika hapo chini. Ila mtu akileta picha ya kwake halafu wewe ukaandika mambo ya wodi, nafuta. Na mimi ndiye niliyeanzisha.